Uso wa Mama Kwenye Simu za Wengine

Kazi yangu ya kwanza Kampala ilikuwa kukaa mlangoni mwa kafe ya intaneti pale Wandegeya na kuwaonyesha watu kompyuta ipi iko wazi. Nilikuwa nimemaliza shule, nazungumza Kiingereza, Kiganda na kile Kiswahili tulichotoka nacho Bukavu, na mwenye kafe aliona hiyo inatosha. Wateja walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wa ofisini wenye tai, wazungu wachache wenye mabegi mgongoni, na wanaume waliokuwa wakiandikiana na wanawake wa ng'ambo ambao hawakuwahi kuwaona. Wazee hawakuingia. Mama wa sokoni akisimama mlangoni, ujue amekuja kumtafuta mwanawe.

Matangazo ya wakati ule yalikuwa vijisanduku vinavyopepesa pembeni mwa ukurasa. Yalituuzia magari ya kukodi katika miji tusiyoijua, dawa za kung'arisha meno, mikopo ya nyumba za Marekani. Tuliyacheka. Yalikuwa kama mtu anayepiga kelele ng'ambo ya barabara akimwita mtu mwingine. Hatukuwa na sababu ya kugeuka.

Kafe ilikufa polepole. Walipotea wazungu, wakapotea wanafunzi, mwisho nikabaki na watu waliokuja kuchapisha vyeti. Mwenye kafe akauza kompyuta zake, mimi nikahamia duka la fotokopi hapohapo Wandegeya, na ndipo nilipo hadi leo.

Kwa miaka kadhaa sikuona kilichokuwa kikitokea, ingawa kilitokea mbele ya macho yangu. Wale waliokuwa hawaingii kafe sasa walikuwa wanatembea nayo kifuani. Muuza ndizi alikuwa na simu janja. Mlinzi wa duka letu alikuwa nayo. Bibi mmoja wa kanisani kwetu, ambaye hakuwahi kujua kusoma, alijifunza kubonyeza picha na kusikiliza sauti, akawa anajua habari kabla yangu. Matangazo nayo yakaacha Kiingereza. Siku moja, ndani ya duka, nilisikia moja likisema Kiganda kwenye simu ya mteja. Halikuwa na Kiganda cha redio. Lilikuwa na Kiganda cha jirani aliyeegemea ua wako akikuuliza umeamkaje. Yule mtu wa ng'ambo ya barabara alikuwa amevuka.

Mama yangu ndiye aliyechelewa kuliko wote. Tulipokimbia Bukavu wakati wa vita, baba akabaki nyuma na hatukumwona tena. Mama alifika Kampala na watoto wake akaanza na kile alichokijua: kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kuyauza sokoni Kalerwe. Mwanzoni walinunua Wakongo wenzetu, baadaye hata Waganda wakayazoea. Tulipanga vyumba nyuma ya soko. Kiganda chake hakikuwahi kuvuka mambo ya kibanda: salamu, bei, ongeza kidogo, rudi kesho. Mengine aliyamaliza kwa Kiswahili chake na kwa mikono.

Nilimpa simu janja alipokuwa ameshavuka miaka sitini, ili amwone dada yake aliyebaki Bukavu na asikilize kwaya anazozipenda. Alifurahi kama mtoto. Aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi.

Haukupita muda mrefu akaniita nikiwa naosha vyombo uani.

"Njoo uone. Huyu muntu amejuaje goti inaniuma?"

Kwenye kioo palikuwa na mwanamume mwenye koti jeupe, akiuliza kwa Kiswahili laini kama, unapoinuka asubuhi, goti lako hulia. Mama alikuwa amemjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, hulia, hasa lile la kushoto. Nilicheka. Nikamweleza kuwa hilo ni tangazo tu na kwamba huyo mtu hamsikii.

Lakini siku hiyo tulikaa kitandani kwake tukaweka simu zetu sambamba, yake na yangu, tukawa tunapandisha kurasa kwa pamoja. Yangu ilinionyesha mikopo ya karo, krimu za ngozi, viatu. Yake ilimwonyesha sukari, presha, macho yenye ukungu, mafuta ya upako, akiba ya mazishi. Tulikuwa chumba kimoja, chini ya bati moja, na kila mmoja wetu alikuwa na mchuuzi wake aliyesimama mlangoni kwake.

"Banatuona?" aliuliza.

"Hawatuoni, Mama. Wanakisia tu."

"Mwenye kukisia anakosea," alisema. "Hawa habakosei."

Nilimwambia ukitaka wanyamaze, zima data. Alizima. Asubuhi akaiwasha tena, kwa sababu kwaya pia ilikuwa humo.

Miezi kadhaa baadaye akaja binti mmoja kibandani. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimempelekea Mama chakula. Alikuwa amesuka vizuri, anajua Kiswahili, na alisema anapiga video za vyakula vya asili ili vijana wasivisahau. Alinunua sombe nyingi. Kisha akamwomba Mama aeleze anakula nini hata bado ana nguvu za kutwanga katika umri wake. Mama alipenda kuulizwa. Alisimama na mchi mkononi, akacheka, akasema, "Mi nakula sombe, natembea kwa miguu, namwomba Mungu. Sukari sina. Presha sina." Wauza nyanya walipiga makofi.

Yule binti hakuishia hapo. Alimwomba Mama ageuze uso kushoto. Kisha kulia. Kisha acheke bila kusema kitu, kisha anyamaze atazame mbele. Kisha asome kwa sauti maneno yoyote, na Mama akasoma sala. Niliona ni ajabu kidogo kwa video ya majani ya muhogo, nikadhani ndivyo vijana wanavyofanya. Alishukuru, akaondoka, hatukumwona tena. Sijui hadi leo kama ni yeye aliyefanya yaliyofuata, au kama na yeye video yake ilichukuliwa na watu wasiomjua.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja aliyevaa kanzu safi. Alisimama mbele ya kibanda akamtazama Mama kwa furaha, akamsalimu kwa heshima nyingi, akaomba ile ya chupa. Mama alimwonyesha sombe. Mzee akatikisa kichwa, akarudia, ile ya chupa, ya sukari. Mama akamwelekeza duka la dawa barabarani. Mzee aliondoka akigeuka nyuma mara kwa mara, kama mtu aliyenyimwa.

Kesho yake wakaja wanawake wawili. Wiki hiyohiyo akaja mwingine, ameshika fimbo, akitokea mbali. Wote walikuwa watu wazima, na wote walimtazama Mama kama wanaomfahamu. Mwanamke wa kibanda cha jirani, muuza vitunguu, wa rika la Mama, ndiye aliyetuondolea fumbo. Alishangaa kwamba hatujui. Alitoa simu yake kwenye mkunjo wa nguo akatuonyesha.

Kwenye kioo Mama alikuwa amevaa gomesi ya buluu, lile vazi la wanawake wa Kiganda, yenye mshipi unaong'aa. Hajawahi kuwa na gomesi maishani mwake, ni mtu wa kitenge. Nyuma yake palikuwa na bustani ya maua. Alikuwa anazungumza Kiganda, Kiganda cha mtu aliyezaliwa nacho, chenye zile salamu ndefu na pole za wazee. Na sauti ilikuwa yake. Ule mkwaruzo unaompata anapofika mwisho wa sentensi ulikuwapo. Hata namna anavyonyanyua nyusi kabla ya kucheka ilikuwapo.

Mama aliangalia mpaka mwisho. Alirudisha simu, akajifuta viganja kwenye kitenge.

"Anasema nini?" aliniuliza.

Ilibidi nimtafsirie mama yangu maneno yaliyokuwa yakitoka kinywani mwake. Anasema aliugua sukari miaka mingi. Anasema miguu ilikufa ganzi na madaktari walikuwa wanamchosha tu. Anasema aliacha sindano, akanywa chupa hii, na leo anatwanga sokoni Kalerwe kama msichana. Anasema, mama mwenzangu, usiogope, mimi nilikuwa kama wewe.

"Mi sikusema ile maneno," alisema Mama.

"Najua."

"Mbele ya Mungu, sikusema."

Muuza vitunguu alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Nilimweleza kuwa siku hizi picha ya mtu inaweza kufundishwa kusema lolote. Alikubali kwa kichwa, lakini niliona anamwangalia Mama kwa jicho jipya, jicho la kupima, kana kwamba kuna mwanamke wa pili ndani yake ambaye hakuwahi kumwona.

Nililitafuta tangazo lile kwenye simu yangu. Nilipandisha kurasa mpaka kidole kikauma. Halikuwapo. Niliwaomba vijana wanaokuja dukani kufanya fotokopi walitafute kwenye simu zao, na hakuna aliyewahi kuliona. Kisha nikafungua akaunti mpya, nikaandika kwamba nimezaliwa mwaka aliozaliwa Mama, nikachagua naishi upande wa kaskazini mwa mji, nikaanza kutazama habari za sukari. Chai yangu haikuwa imepoa Mama aliponitokea, na gomesi yake ya buluu, akinisalimu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliyelitengeneza tangazo alikuwa amechagua nani alione na nani asilione. Lilikwenda kwa watu wa umri wa Mama, wale waliofika kwenye intaneti mwisho kabisa, ambao hawakupitia zile siku zetu za kucheka vijisanduku. Lilituruka sisi ambao tungesema huu ni uongo. Binti angeweza kulala kitanda kimoja na mama yake, kila mmoja na simu yake, na asijue ni nani anayezungumza na mama yake.

Nilipiga nambari iliyokuwa chini ya tangazo. Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti tamu.

"Habari yako, nyabo. Una umri gani?"

Hakuniuliza jina. Nilimwambia mimi ni binti wa huyo mama aliye kwenye picha, na kwamba mama yangu hajawahi kuugua sukari wala kunywa dawa yenu. Nyuma yake nilisikia sauti nyingine nyingi, sauti za wanawake wakiuliza maswali yaleyale kwa upole uleule, una umri gani, una umri gani. Kisha simu ikakatwa. Nilipopiga tena, nambari haikupatikana.

Nililishtaki tangazo kwa kubonyeza pale penye kubonyezwa. Jibu lilikuja haraka, la Kiingereza, likisema limetazamwa na halijavunja masharti. Nikashtaki tena. Safari hii lilitoweka, tukashukuru. Muda si mrefu likarudi chini ya jina jingine, na Mama amevaa koti jeupe la muuguzi.

Tulikwenda kituo cha polisi. Aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kile Kiswahili cha polisi kisichobagua umoja na wingi. Alitazama tangazo, akamtazama Mama, akatazama tena tangazo.

"Lakini huyu ni wewe."

"Ni mimi," alisema Mama. "Na si mimi."

"Hiyo watu yenye ilifanya hii iko wapi?"

"Hatujui, afande," nilisema.

"Duka lao?"

"Hawana duka. Dawa huletwa na bodaboda, na mwenye pikipiki hajui anachobeba."

Aliandika maelezo yetu. Alikuwa mkweli: alisema mtu asiye na mahali ni vigumu kumfuata. Alipotusindikiza hadi mlangoni, alishusha sauti, akaniuliza mimi, si Mama, "Na hiyo dawa, haifanyi kazi kabisa? Mzee wangu anaikunywa."

Nilimwambia ampigie mzee wake leo, amrudishe hospitali. Alikwenda nje kupiga simu huku mkono wake mmoja umefunika sikio.

Kisha dada yake Mama akapiga simu kutoka Bukavu. Alikuwa na hasira. "Unaona sisi tunakufa na sukari huku, na wewe unaficha dawa?" Alikuwa amemwona Mama kwenye simu, amevaa kitenge sasa, anazungumza Kiswahili. Si Kiswahili chetu, Kiswahili kilichonyooka mno, lakini sauti ni ileile. Mama alieleza, akaapa, akalia. Dada yake alisikiliza, akasema sawa. Baadaye alinitumia ujumbe mimi, akiuliza kwa siri chupa zinapatikana wapi.

Mama akaacha kukaa mbele ya kibanda. Aliketi nyuma, amejitanda kitenge mpaka kwenye paji la uso, na kumwachia muuza vitunguu ampokelee wateja. Hakuwa mtu wa kujificha. Tangu nimjue alikuwa anawaita wapita njia kwa sauti ya kuvuka soko zima. Sasa alikuwa ameanza kuogopa sauti yake. Alipozungumza, alisimama katikati ya neno, akasikiliza.

Nilikuwapo siku alipokuja yule mwanamke aliyeshika chupa. Alikuwa wa umri wangu, amevaa nguo za kazini, na alipita katikati ya nyanya na kabichi bila kutazama pembeni. Alisimama mbele ya kibanda akaiweka chupa juu ya meza. Kwenye karatasi iliyobandikwa palikuwa na uso wa Mama, ukicheka.

Alisema kwa Kiganda, kwa sauti ya juu, kwamba mama yake yuko hospitali ya Mulago, mguu umeoza, kwa sababu aliacha sindano. Kwamba aliacha kwa siri, akawa anazificha chini ya godoro. Alipoulizwa na madaktari alisema ameambiwa na rafiki yake wa Kalerwe. "Nimekuja kumwona huyo rafiki," alisema.

Watu walikusanyika. Nilianza kueleza, lakini alininyamazisha kwa mkono.

"Sitaki wewe. Nataka yeye. Aseme alivyosema kwa simu."

Mama aliinuka kule nyuma, akashusha kitenge kichwani. Alijaribu. Alisema kwa Kiganda kitu kama, mimi hapana dawa, mimi majani, mimi pole. Maneno yalimponyoka, matamshi yakapinda, akachanganya Kiswahili, akarudi mwanzo. Mtu mmoja alicheka. Mama akajaribu tena, jasho likimtoka, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameona tangazo au amesimuliwa, na sasa walikuwa wanasikia kwamba mwanamke huyu hawezi kabisa kuisema ile sentensi ya kwanza.

Yule mwanamke akaichukua chupa, akaitazama picha, akamtazama Mama. Kisha akakaa juu ya gunia la vitunguu akalia, na Mama akaenda akakaa kando yake. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mama alimshika mkono tu.

Alipotulia aliniambia kwamba madaktari wanataka mama yake arudi kwenye sindano mara moja, na yeye anakataa. Anasema wanataka kumuua. Hamsikilizi mtu yeyote, hata wanawe.

Nilimtafsiria Mama. Akaanza kukunja meza.

"Twende," alisema.

Tulipanda kilima kwenda Mulago, si mbali. Mgonjwa alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, mwanamke mwembamba wa Kasubi aliyekuwa mshonaji wa gomesi kabla macho hayajafifia. Mguu wake ulikuwa umefunikwa, lakini harufu ilikuwa imeufunua. Alipomwona Mama mlangoni, uso wake wote ulibadilika. Alinyoosha mikono miwili.

"Umekuja," alisema. "Niliwaambia utakuja."

Mama alipiga magoti kando ya kitanda, kama wanavyosalimia wanawake wa Kiganda. Mgonjwa alimshika mashavu, akawa anamgusa nyusi, kidevu, masikio. Alisema kwamba tangu watoto waanze kazi yeye hushinda peke yake, na kwamba kila asubuhi Mama humwita mama mwenzangu. Alisema hakuna mwingine anayemuuliza ameamkaje.

Binti yake aligeukia dirisha.

Mimi nilikuwa mkalimani. Mama alisema, mwambie mimi sikuwahi kuugua, mwambie ule ni uso wangu umeibwa. Nilisema. Mgonjwa alitabasamu, akapapasa mkono wa Mama kama anayemsamehe mtu mnyenyekevu. Hakuamini hata neno moja. Nilirudia kwa namna nyingine, akaendelea kutabasamu. Niliona Mama anaelewa bila kutafsiriwa. Akainamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa ameamua.

"Mwambie achome sindano," aliniambia. "Mwambie mi ndiye nasema. Mi, rafiki yake."

Nilimwambia. Mgonjwa alimtazama Mama machoni.

"Ukisema wewe, nakubali," alisema.

Muuguzi aliitwa. Sindano ilichomwa, Mama akiwa ameshika ule mkono mwingine.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea barabarani, Mama alisimama chini ya ukuta wa hospitali. Nilidhani ni uchovu.

"Ameniitikia mimi," aliuliza, "ao yule?"

Nilimwambia amekuitikia wewe. Nilisema haraka mno, na alijua.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Uhai ulibaki. Mama alikuwa anampelekea mgonjwa uji, na binti yake akawa kama ndugu yangu. Ni yeye aliyetoa wazo la kutengeneza video yetu wenyewe: Mama ameketi kibandani, bila maua nyuma yake, anasema kwa Kiganda chake kibovu kwamba hauzi dawa, na kwamba mwenye sukari asiache sindano. Tuliirekodi na kuirusha. Ilipendwa. Watu waliandika maneno ya kutia moyo, wakacheka kwa upendo namna Mama anavyozungumza. Nilikagua ni akina nani walioitazama. Walikuwa vijana, karibu wote. Wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi, watoto wa Wakongo waliozaliwa hapa. Hao ambao tangazo halikuwahi kuwatafuta. Wazee hawakuiona, kwa sababu hakuna aliyewalipia wazee waione.

Kwa hiyo Mama alianza kutembea. Baada ya ibada alisimama kwenye milango ya makanisa, na siku za kliniki alikaa kwenye benchi na wagonjwa wa sukari, akisubiri wamtambue. Walimtambua. Alijifunza kwa moyo sentensi chache za Kiganda, binti wa Kasubi akimfundisha, na alizisema polepole kwa kila mtu. Wengine walirudi kwenye sindano. Wengine walimwambia waziwazi kwamba yule wa kwenye simu alikuwa anazungumza vizuri zaidi. Mwanamke mmoja alimshika bega akamwambia kwamba wamemtisha, wenye mahospitali, ndiyo maana amebadilisha maneno.

Mwaka jana tulikwenda Kasubi kumjulia hali yule mshonaji. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kibarazani, gongo la kutembelea kando yake. Kabla hatujafika kwenye ngazi, nilisikia sauti ya Mama ikitoka mbele yetu, kutoka nyumbani tulikokuwa tunakwenda. Mama aliyekuwa anatembea kando yangu alisimama. Sauti iliendelea, yenye furaha, Kiganda safi, ikisema habari za matone ya macho.

Tulipanda. Mshonaji alituona, akacheka, akampisha Mama nafasi kwenye mkeka. Simu ilikuwa juu ya paja lake.

"Usikasirike," alimwambia Mama, na mimi nikatafsiri. "Sinunui kitu. Najua si wewe."

Mama alinyoosha mkono aizime. Mwenzake akaufunika mkono huo kwa wake, taratibu.

"Mwache amalize," alisema. "Huyu huja kila siku."